Siku debe lilipogongwa katikati ya mechi: ziara yangu ya viwanja vya mchangani Kilombero

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo vipi, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukomenti nawaona pia, karibuni.

Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho yangu. Mhusika mkuu ni shemeji yangu, na nimemwomba ruhusa kabla sijagusa simu. Akanijibu, "Andika yote. Ukipunguza nitajisajili huko nije nikukosoe mwenyewe."

Kwa hiyo sipunguzi. Nimebadilisha majina tu, na kijiji chenyewe sitakitaja. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi friji hapa Ifakara. Nilizaliwa Morogoro mjini, nikaja kuoa huku, nikabaki huku. Ikifika Jumamosi wengine wanaenda baa, wengine wanasuka mikeka ya kubeti. Mimi natembelea viwanja vya mpira.

Siyo vile vya nyasi za bandia mnavyoviona kwenye luninga. Nasema vya mchangani, daraja la chini kabisa, ambako mpiga kona anasimama ndani ya bustani ya mchicha ya mtu na mwenye mchicha yupo pale anamwangalia.

Nikifika nakipa kiwanja maksi. Naangalia milingoti, mistari, kivuli cha watazamaji na choo. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Anasema waume za wenzake wakichepuka wanachepuka na watu, wa kwake anachepuka na magoli ya mianzi.

Sasa shemeji. Anaitwa Deo, ni kaka wa mke wangu. Siku za kazi anauza dawa za kilimo kwenye duka la mtu, wikiendi anavaa jezi nyeusi na kutukanwa. Deo ni refa.

Amepuliza mechi za wilaya miaka mingi. Ametukanwa matusi yote ya Kiswahili, na mengine ya Kindamba na Kisukuma ambayo hadi leo hajaomba tafsiri.

Msimu huo aliambiwa kuna mechi moja atapangiwa na kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, atakuja kumwangalia yeye. Akifanya vizuri, jina lake linapelekwa kwenye ligi ya mkoa. Na ieleweke, umri umeanza kumtupa mkono. Nyuma yake kuna marefa vijana wanaokimbia bila kuhema. Asipopanda mwaka ule, basi tena.

Jambo hilo lilimnyima usingizi. Mke wake alituambia anaota anapuliza kipenga, akishtuka anauliza nani kacheza faulo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa masika, mvua zinaaga, mavuno ya mpunga yamepamba moto bonde zima. Mechi ilikuwa jioni, mbele ya Namawala. Nikamwambia, shem, panda pikipiki yangu, tutoke asubuhi, mimi nikague viwanja vyangu njiani na wewe uondoe wasiwasi.

Tukaanzia Lumemo. Kiwanja kiko jirani na mto, vijana walikuwa kwenye mazoezi. Goli la upande wa mtoni limeinama mbele, kipa akiruka vibaya anagonga kichwa mwenyewe. Mistari hakuna, wanakubaliana kwa macho. Nikatoa maksi nne, na mbili kati ya hizo ni za kivuli.

Deo hakukaa. Alikuwa anakimbia pembeni mwa wale vijana, kipenga mdomoni bila kukipuliza. Aliporudi nikamuuliza anafanya nini.

"Kamisaa anaangalia kitu kimoja kuliko vyote," akasema. "Anaangalia kama unayumba."

"Unayumba vipi?"

"Unababaika. Tukio linatokea, wewe unatafuta macho ya watu kabla hujaamua. Refa akionekana ameyumba, amekwisha."

Nikacheka, nikamwambia basi leo fumba macho. Yeye hakucheka.

Njia nzima ya kwenda Namawala ni mpunga. Mashamba yamekuwa ya njano, matrekta madogo yanavuta tela za magunia, na kila penye uwazi pametandikwa turubai. Ukipita na pikipiki vumbi lako linakuletea maneno, kwa hiyo tulienda polepole.

Namawala tulisimama kula wali na perege. Nikaenda kukagua uwanja wao, nikapima goli kwa hatua zangu. Mnajua pale watu wamezoea wageni wa utafiti wa malaria, maana mbu wa kule wamesomwa kuliko watoto wengine. Mama ntilie akaniangalia weee, kisha akamuuliza Deo, "Na huyu naye ni wa mbu?"

"Hapana mama, huyu ni wa viwanja."

"Haya, kila mtu na riziki yake."

Perege alikuwa mzuri. Uwanja niliupa sita.

Sasa tusogee kwenye kijiji chenyewe.

Tulipofika, sikuona uwanja. Niliona mpunga. Kuanzia goli hadi goli yametandikwa maturubai, na akina mama wanautembeza mpunga kwa miguu ili ukauke pande zote. Nikamwambia Deo tumepotea.

Hatukupotea. Kule uwanja ndiyo sehemu pekee iliyo tambarare na isiyo na kivuli, kwa hiyo wakati wa mavuno kijiji kizima kinaanika pale. Mechi ikikaribia, maturubai yanavutwa hadi nje ya mistari, na mpunga unaendelea kuota jua huku mpira unachezwa. Mstari wenyewe ni wa majivu ya pumba.

Kwa wasiolima niwaeleze. Mpunga ukishakauka halafu ukalowa, kazi imeharibika. Ukiupeleka mashineni unakatikakatika, unatoka chenga tupu. Mchele wa chenga hakuna anayeugombania. Mtu amepigana na shamba tangu mvua za kwanza, amefukuza ndege, amevuna, halafu mvua ya dakika chache inamrudisha nyuma mwaka mzima.

Ndiyo maana nyuma ya goli la upande wa mashine ya kukoboa kuna debe bovu limening'inizwa kwenye mti wa mjohoro.

Wenyeji waliitwa Chapakazi. Wageni walikuwa Gereji, vijana mafundi kutoka Ifakara mjini. Chapakazi wakishinda wanasonga hatua inayofuata, hawajawahi kufika huko tangu timu ianzishwe. Gereji walihitaji sare tu.

Wakati wa kurusha shilingi nilikuwa karibu, kwa hiyo niliyasikia haya mwenyewe. Nahodha wa Chapakazi, kijana wa Kisukuma mrefu na mpole anaitwa Masanja, alimsalimia Deo kwanza.

"Shikamoo refa."

"Marahaba."

"Refa, kuna jambo la hapa kwetu. Lile debe likigongwa, mpira unasimama. Kila mgeni tunamwambia. Gereji tumeshawaambia."

Nahodha wa Gereji akaitikia kwa kichwa. Deo akaliangalia lile debe, akaangalia juu. Anga lilikuwa jeupe.

"Nimesikia," akasema.

"Ukishasikia inatosha, refa."

Kamisaa alikuwa amesimama hatua chache nyuma na mwavuli wake. Ni mwalimu mstaafu, mtu mstaarabu, sitaki mumchukie. Masanja alipoondoka, kamisaa akamwambia Deo kwa upole kabisa, "Deo, hii ni ligi. Kanuni haina kipengele cha mpunga."

Deo akasema, "Sawa, mwalimu."

Wakuu, hapo ndipo mtu mmoja alipowaitikia watu wawili. Mimi nililiona na nikajifanya sijaliona, kwa sababu anga lilikuwa jeupe.

Mechi ilianza na Deo alichezesha vizuri mno. Nimewahi kumwona akichezesha siku nyingi lakini siyo vile. Yuko karibu na mpira, mkono umenyooka, maneno machache. Hata mama mmoja, Mama Zena, ambaye turubai lake lilikuwa kwenye kona, alikosa la kumtukana akabaki anamtukania jezi yake kuwa imepauka.

Chapakazi wakapata goli kipindi cha kwanza, kichwa cha Masanja. Watu waliingia uwanjani kushangilia, wakaruka maturubai kwa adabu wasikanyage mpunga wa mtu. Sijawahi kuona ushangiliaji wa tahadhari namna ile.

Kipindi cha pili kinaelekea mwisho, bado moja bila. Nikahisi ubaridi shingoni. Nikageuka kuangalia upande wa milima ya Udzungwa, nikaona wingu limeshuka jeusi tii, tena linakuja mbio.

Debe likalia. Mzee wa mashine alikuwa analigonga kwa chuma kama mtu anayepiga kengele ya moto.

Wakuu, Chapakazi wote waliacha mpira. Wote. Kipa alivua glavu zake akazirusha, akaenda. Mshika kibendera mmoja, ambaye ni wa kijiji hicho hicho, aliondoka na kibendera chake mkononi. Gereji waliokuwa nyuma nao wakakimbilia maturubai bila kuuliza, maana walishakubali mapema na wengi wao mama zao ni wakulima vilevile.

Akabaki mtu mmoja na mpira. Mshambuliaji wa Gereji, tumwite Chidi. Alikuwa ameshaupata, anaelekea golini, na mbele yake hakuna mtu hata mmoja. Akaupunguza mwendo. Akamwangalia refa.

Nami nikamwangalia refa.

Deo alikuwa na kipenga mdomoni. Mashavu yamejaa pumzi. Debe linalia, kila mtu analisikia, yeye analisikia. Akageuza macho kule alikokuwa kamisaa. Kamisaa amesimama chini ya mwavuli, hajatikisika.

Chidi alisubiri kadiri mchezaji anavyoweza kusubiri. Kipenga hakikulia. Akapiga. Mpira ukaingia golini taratibu, wala nyavu hazikutikisika vizuri.

Ndipo Deo akapuliza, akaonyesha katikati.

Chidi alikimbilia kona kushangilia, alipofika akakuta hakuna wa kushangilia naye. Akasimama kidogo, kisha akashika ncha ya turubai la Mama Zena akaanza kukunja.

Mimi nilishakuwa huko. Kazi ni hivi: mnashika ncha nne, mnakusanya mpunga katikati, mnalikunja turubai juu yake, kisha watu sita mnaliburuta hadi kwenye banda la mashine. Nilishikana na beki wa Gereji na kipa wa Chapakazi. Matone ya kwanza yalitupata mgongoni tunaingia mlangoni. Hata turubai la mwisho liliwahi.

Tulipokuwa wote bandani, tumebanana na magunia, tunahema na kucheka, mtu mmoja akasema, "Refa yuko wapi?"

Alikuwa katikati ya uwanja. Amesimama na mpira kwapani, mvua inampiga peke yake. Sheria inamtaka alinde mechi, na yeye aliilinda. Kamisaa alikuwa amejibanza ukutani na mwavuli wake, anaandika.

Mvua ile haikudumu. Ilipokata, watu wakarudi, na ndipo Chapakazi walipogundua kuwa ni moja moja.

Nilijiandaa kwa vurugu. Mnajua marefa wa mchangani wanavyofanywa. Nikaangaza macho kutafuta pikipiki yangu iko wapi.

Masanja akaja hadi mbele ya Deo. Jezi imelowa jasho, mikono ina makapi ya mpunga.

"Refa, si ulisema umesikia?"

"Kipenga kilikuwa hakijalia," Deo akajibu.

"Kipenga kilikuwa hakijalia," Masanja akarudia polepole, kama mtu anayejaribu neno jipya. "Sawa, refa."

Akageuka akawaita wenzake. Wakamalizia dakika zilizobaki kwenye matope, mpira hauviringiki, watu wanateleza. Ikaisha sare. Gereji wakasonga mbele na hakuna aliyeruka kushangilia.

Hakuna aliyemgusa Deo. Hakuna hata aliyemtukana, na nadhani yeye angependa wamtukane.

Kule kuna desturi. Mpunga wako ukianuliwa na watu, kabla hawajatawanyika unawagawia kidogo kidogo kwa kopo, hata kama ni ujazo wa viganja viwili. Mama Zena alipita na kopo lake. Akanipa mimi. Akampa Chidi, tena akamtania kuwa goli lake limefungwa na mjohoro. Akafika kwa Deo, ambaye hakushika turubai la mtu.

Deo akarudi nyuma. "Mimi hapana, mama."

"Kinga mikono, refa," Mama Zena akasema. "Sisi tumelowa jasho pamoja. Wewe umelowa peke yako. Shika."

Deo akakunja upande wa jezi yake, akakinga.

Tulirudi Ifakara. Nilijaribu stori ya friji moja iliyokuwa inapiga shoti, ikafia njiani.

Wiki ile ile kamisaa alimpigia. Amefaulu. Jina lake linapelekwa mkoani. Maneno ya kamisaa yalikuwa kwamba katika mazingira magumu refa alisimamia kanuni na hakuyumba.

Nyumbani ilikuwa sherehe. Jumapili tukaitwa wote kwa mama mkwe. Mpunga wangu na wa Deo ulikuwa umewekwa pamoja, mama mkwe akauanika tena kidogo, akautwanga kwenye kinu yeye mwenyewe. Anasema mchele wa mashine ni wa watu wenye haraka. Akaupika na kuku wa kienyeji.

Tukanawa, tukakaa mkekani. Mama mkwe akachukua kidogo kwenye sinia, akautazama kwenye kiganja.

"Mpunga huu uliwahiwa," akasema. "Oneni, punje nzima nzima, chenga hakuna. Waliouanua walikuwa na mbio hao."

Deo alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sinia.

Kwa wasiojua, kwetu kurudisha tonge ni jambo. Mama mkwe akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana mama, nakuja. Akanawa mikono akatoka nje. Nikamfuata, nikidhani anaenda kutapika.

Alikuwa amesimama karibu na kinu, simu sikioni.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba urekebishe kitu. Ulisema sikuyumba. Niliyumba, mwalimu. Debe nililisikia, na nahodha nilimwambia nimesikia. Kipenga kilikuwa mdomoni. Nilikuangalia wewe kwanza."

Sikusikia upande wa pili ulichosema. Kisha Deo akasema, "Najua, mwalimu. Najua maana yake."

Akakata simu. Akaniona nimesimama, akasema, "Shem, twende tukale, wali unapoa."

Akarudi ndani, akanawa tena, akala hadi akashiba.

Matokeo ya mechi hayakubadilika, muda wa kukata rufaa ulishapita na Chapakazi wenyewe hawakukata. Jina la Deo halikwenda mkoani. Vijana wawili wa nyuma yake walipanda. Mke wake alinuna wiki nzima, na simlaumu, hata mimi nilinuna. Nilimwambia shem, ungekaa kimya, nani angejua?

Akaniomba nimpeleke tena kule kijijini. Tukamkuta Masanja anapakia magunia. Deo akamweleza kila kitu, wamesimama palepale juani. Masanja akasikiliza mpaka mwisho.

"Tulijua ulisikia, refa. Tulikuona umevimba mashavu."

"Sasa kwa nini hamkunifanya kitu?"

Masanja akashangaa kweli, siyo kwa maringo. "Mpunga si ulikuwa umeshaingia ndani?"

Hilo ndilo jibu, wakuu. Nimelizungusha kichwani miezi sasa. Wale vijana walipoteza nafasi waliyoitaka maisha yao yote, na hesabu yao ilifungwa kwenye mlango wa banda la mashine. Sisi wengine tulirudi mjini na ushindi wetu na bado tulikuwa tunadaiwa.

Nilichojifunza mimi ni kidogo tu. Neno "nimesikia" ni zito. Tunalitoa kirahisi kwa bosi, kwa mke, kwa mtoto anayeomba twende naye mahali, halafu likifika la kufika tunaangalia kwanza nani ametusimamia na mwavuli. Deo alichelewa na hakuweza kurudisha goli. Aliweza kurudisha tonge tu, akalirudisha.

Uwanja ule hadi leo sijaupa maksi. Choo hakuna, kivuli ni cha mjohoro mmoja, mistari inapeperuka upepo ukivuma. Kila nikitaka kuandika namba nashindwa.

Deo bado anapuliza ligi ya wilaya, bado anatukanwa. Kimebadilika kitu kimoja. Sasa hivi popote anapopangiwa, hata hapa hapa mjini, kabla ya kurusha shilingi anawauliza manahodha, "Hapa kwenu debe liko wapi?"

Vijana wanaangaliana, wanacheka, wanasema refa wa leo amechanganyikiwa. Yeye anasubiri wamalize kucheka, kisha anauliza tena.

Haya wakuu, hasa mliowahi kushika kipenga au kuwa na bosi pembeni. Ungekuwa Deo pale uwanjani ungepuliza? Na ukishachelewa, ungepiga ile simu? Semeni ukweli, hapa hakuna kamisaa.